Watoro wa Mbalamwezi

"Karatasi ya mkono hatupokei," Rugaibula alisema, akairudisha ile orodha kwa ncha ya kalamu kana kwamba ingemchafua vidole.

Kokushubila aliitazama ikiteleza juu ya meza mpaka ikasimama mbele ya tumbo la Sayi. Walikuwa wamesimama wote wawili. Viti vilikuwepo, viwili vizima, ila kimoja kilikaliwa na koti la mratibu na kingine na mkoba wake, na tangu saa mbili na nusu hakuna aliyefikiria kuviondoa.

"Mzee, hiyo ina muhuri wa zahanati," Sayi alisema. Alikuwa Msukuma mrefu, mvuvi wa dagaa katika kisiwa kimoja cha Muleba, na mwenyekiti wa kikundi cha wanaotumia dawa huko. "Nesi Verdiana kaiandika mwenyewe. Watu thelathini na wanane. Hakuna hata mmoja aliyeacha mwenyewe."

"Kompyuta inasema ni watoro."

"Kompyuta imetuona wapi?"

Rugaibula akacheka. Alikuwa na kicheko cha mtu aliyeshiba mapema. Yeye ndiye aliyekuwa mratibu wa mradi wa dawa za kurefusha maisha, na stoo ya mradi, pale Bukoba mjini, ndiyo iliyolisha zahanati za visiwani. Kila mwezi zahanati ilileta orodha iliyochapwa na programu iitwayo Tarehe. Aliyemo kwenye orodha alipata kopo lake. Aliyechelewa kliniki zaidi ya siku tatu, mara mbili mfululizo, programu ilimwandikia MTORO na kumfuta, na kopo lake halikufungwa.

"Mfadhili anataka kitu kilichotoka kwenye kompyuta," alisema. "Ijumaa saa sita mchana nafunga sanduku. Baada ya hapo ni mwezi ujao."

"Mwezi ujao vidonge vitakuwa vimetuishia. Na wa kwanza humo ni mwenzangu, Mayenga, tunavua mtumbwi mmoja. Alifutwa kabla yetu. Ana miezi miwili hana hata kidonge kimoja. Sasa hawezi kusimama."

"Mpelekeni hospitali."

"Ta Rugaibula," Kokushubila akaingilia kwa heshima ya Kihaya, "kosa ni la programu, si la watu."

"Basi mwambieni mwenye programu airekebishe."

"Mwenye programu ni kaka yangu Datius. Tumemzika mwezi wa tatu. Ulikuja msibani, waitu, mzee wangu. Ulikula, na ukafungiwa cha kubeba."

Karani aliyekuwa akichapa pembeni aliacha kuchapa. Rugaibula alijifuta mdomo, ingawa haukuwa na kitu.

"Basi nendeni kwa mrithi wake," alisema. "Sisi Wahaya hatukosi mrithi."

*

Mrithi alikuwepo, tena alikuwa ameenea. Buberwa, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa mdogo kwa Kokushubila kwa miaka minne, lakini ukoo ulipokaa baada ya matanga, Datius akiwa hana mtoto wa kiume, ni yeye aliyevikwa kanzu ya marehemu na kukalishwa kwenye kiti chake. Alipewa kibanja cha Kaagya, nyumba na migomba yake, kitanda, baiskeli, na kompyuta "pamoja na yote yaliyomo ndani yake." Mzee aliyetamka maneno hayo alidhani ndani ya kompyuta kuna mafaili ya karatasi.

Kokushubila alimkuta sebuleni. Kompyuta ilikuwa juu ya stuli, imefunikwa kitenge na kuwekewa ua la plastiki juu, chini ya picha ya Bikira Maria. Haikuwa hata imechomekwa kwenye umeme.

Alisimama mlangoni. Buberwa alimtazama, akasubiri. Mke wa Buberwa naye alitoka jikoni akasubiri. Mwanamke hamsalimu mkuu wa kibanja kwa kusimama. Hilo kila mtu Kaagya analijua. Kokushubila, mwalimu wa kompyuta katika sekondari moja ya Kahororo, alipiga magoti kwenye sakafu mbele ya mtoto aliyewahi kumfuta kamasi, akamsalimu.

"Karibu, dada," Buberwa alisema, sauti akiishusha iwe nzito. "Nini shida?"

Alimweleza. Programu ya Datius imekaa mtandaoni, bure, yeyote aichukue. Lakini kubandika marekebisho kwenye ukurasa ule ule ambao zahanati zote zinaujua, lazima neno la siri la Datius, na neno hilo limehifadhiwa humo kwenye mashine. Nusu saa tu ingemtosha.

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Programu ni mali ya ukoo. Ta Rugaibula amekwishaniita. Mradi unataka kuinunua. Sasa wewe ukiifunguafungua ovyo, ukaimaliza humo, mimi nitauza nini?"

"Haiishi, Buberwa! Si debe la kahawa. Ukiichota inabaki."

"Kitu kisichoisha?" Alimgeukia mkewe wakacheka wote. "Na usiniite Buberwa. Ukoo ulikaa na wewe ulikuwepo. Siku hizi mimi ndiye Datius."

Kokushubila aliinuka. Magoti yalikuwa na vumbi na hakuyapangusa.

"Wewe ndiye Datius?"

"Ndiyo."

"Haya. Iwashe."

Buberwa alitoa ua la plastiki, akakunja kitenge taratibu, akaizunguka mashine upande huu na upande ule. Alibonyeza kioo cha mbele kwa kidole gumba. Alibonyeza tena. Kisha akakifunika haraka na kusema kwamba kitu cha marehemu hakichezewi mbele ya wanawake.

*

Nyumbani Kitendaguro, Mama Paskazia, aliyewazaa Kokushubila na Datius, alikuwa amekwishamlisha mgeni wao Sayi mara mbili. Mgeni wa kisiwani kulala kwa mjane lilikuwa jambo lililoanza kuzunguka tangu asubuhi. Jirani wa juu alikuja kuomba chumvi, wa chini akaja kuuliza kama Paskazia ana chumvi ya kumpa yule wa juu, na wote walimwangalia Sayi kuanzia kandambili hadi kofia.

"Ni mchumba wangu," Mama Paskazia aliwaambia. "Ameleta mahari ya dagaa. Nendeni mkatangaze, mmekwishachelewa."

Jioni, ndizi zikiwa bado zinafuka mvuke kwenye jani, alimgeukia Sayi bila kupepesa. "Sasa wewe mwanangu, hebu niambie ukweli. Mimi sina kompyuta. Siku aliyowaandikia nesi, kwa nini hamwendi?"

"Mama, siku hiyo inaangukia gizani."

"Gizani vipi? Si mnakwenda mchana?"

Sayi akaweka tonge chini. "Dagaa huvuliwa giza, kwa karabai. Mbalamwezi ikitoka hawafuati taa, kambi nzima inalala. Hizo ndizo siku zetu za kufua, za kushona nyavu, za kliniki. Gizani ukimwambia tajiri unakwenda zahanati, mtumbwi unaondoka na mwingine, na nafasi yako umeipoteza. Ukitaja ni dawa gani, umepoteza na heshima. Basi tumepanga na nesi wetu: tunakwenda mbalamwezi. Mwezi unarudi siku ya ishirini na tisa, ya thelathini. Yeye anatupa vidonge vya siku thelathini. Kopo likiisha, mbalamwezi imetoka, tunakwenda. Hakuna siku hata moja tuliyokosa kumeza."

Kokushubila aliacha kula.

"Rudia. Kila baada ya siku ngapi?"

"Ishirini na tisa. Thelathini."

Alichukua daftari la wanafunzi lililokuwa karibu, akaandika nyuma yake. Datius alikuwa ameiambia programu ihesabu wiki nne nne, siku ishirini na nane, kuanzia siku ya kwanza mtu alipoandikishwa. Haikujali alikuja lini mara ya mwisho. Mtu wa mjini alikuja siku yake ya Jumatatu na hesabu ikakaa. Wa kisiwani, kila mbalamwezi alizidi siku moja na nusu, na programu haikuisamehe. Iliilimbikiza juu ya nyingine. Mwezi wa tatu alikuwa amepita siku tatu. Mwezi wa nne alikuwa mtoro wa kufutwa.

"Mayenga ndiye wa kwanza wetu kujiandikisha," Sayi alisema polepole. "Sisi wengine tulimfuata tulipoona amenenepa."

"Ndiyo maana akawa wa kwanza kufutwa."

Mama Paskazia alishika kichwa. "Mwanangu Datius hakuujua mwezi?"

"Mtu wa migombani, Mama. Mgomba unauliza mwezi?" Na hasira iliyokuwa ikimtafuta mtu tangu asubuhi ikamfikia hata marehemu. Miaka miwili aliandika programu, akawasifia watu wa mbali ilivyo nzuri, na hakumuuliza mvuvi mmoja tu anaamka saa ngapi! Aliyewahesabia wenzake siku za dawa, mwenyewe alianza dawa akiwa amekwishachelewa, kwa kuogopa kuonekana kwenye foleni. "Wangapi mmegawana vidonge na huyo Mayenga?" aliuliza ghafla.

"Nesi katukataza. Kasema tukigawana, tunakufa wawili."

*

Jumatano alilipa shilingi elfu moja ya saa nzima kwenye chumba cha intaneti, akaufungua ukurasa wa Tarehe. Alijua kuna malalamiko. Hakujua kuwa ni soko zima. Nesi mmoja wa Malawi aliandika tangu Novemba kwamba wagonjwa wake huja siku za gulio na programu inawaita watoro. Chini yake mtu kaandika: kwangu pia. Mwingine: itatengenezwa lini? Mwingine, ambaye hakusema hata anatoka wapi: miezi sita bila jibu, mwandishi wa kitu hiki ni mvivu. Verdiana alikuwepo, wa mwezi wa tano, kwa adabu zake zote, anaomba samahani kwa usumbufu. Na wa mwisho, wiki iliyopita: je, huu mradi umekufa?

Katika miezi hiyo sita, minne Datius alikuwa kitandani, Mama Paskazia akimgeuza upande, na miwili alikuwa kaburini. Na katika watu wote waliochukua programu yake bure, hakuna hata mmoja aliyewahi kuirekebisha mstari mmoja akaurudisha.

Aliwaandikia wenye ghala la mtandaoni linaloutunza ukurasa huo, huko ng'ambo. Mwenye ukurasa amefariki. Mimi ni dada yake. Nipeni nafasi ya kuutunza, kuna watu dawa zinawaishia. Alhamisi asubuhi jibu lilikuwepo. Lilikuwa na heshima sana. Lilimpa pole, kisha likamweleza utaratibu: amwandikie mwenye mradi kumwomba ridhaa, na kama hatajibu ndani ya siku kumi na nne, ombi litafikiriwa.

"Mwenye mradi yuko chini ya migomba!" alipiga kelele, na chumba kizima kikageuka. "Nimwandikie kwa posta gani?"

"Dada, mteja mwingine anasubiri," mwenye chumba alimwambia.

"Asubiri! Hata mimi nimeambiwa nisubiri!"

Akaishusha programu yote, mistari elfu sita na ushee. Juu kabisa, kabla ya chochote, Datius alikuwa ameandika kwa Kiswahili maneno ambayo Kokushubila aliwahi kuyasoma na kuyaona ya kujionyesha: Programu hii si yangu peke yangu. Ichukue, ibadilishe, mpe mwenzako. Ukiitoa kwa wengine, usimfungie mtu.

Aliisoma mara mbili. Ukurasa ulikuwa na kufuli, kompyuta ilikuwa na mrithi, lakini programu haikuwa na mlango. Alikuwa amepiga magoti Kaagya kuomba kitu ambacho alikwisharuhusiwa.

Siku nzima hiyo hakwenda kufundisha. Alitafuta mahali siku zinapohesabiwa, na palikuwa mahali pamoja tu, mistari minne. Aliifuta akaandika kwamba hesabu ianze siku mtu alipopewa vidonge vya mwisho, na ifuate idadi ya vidonge alivyopewa. Akaondoa uwezo wa programu kumfuta mtu yenyewe: sharti nesi athibitishe. Umeme ulikatika mara mbili, akasubiri jenereta, akaanza upya. Alipoingiza kumbukumbu za zahanati, ambazo Verdiana alikuwa amezituma ndani ya flashi aliyoishona Sayi kwenye ukosi wa shati, watoro thelathini na wanane waligeuka kuwa wagonjwa thelathini na wanane. Mashine haikuchukua hata dakika.

Akafungua ukurasa mpya. Jina la Tarehe halikuwa lake kulitumia. Aliandika: Mbalamwezi. Kisha akarudi kwenye ule ukurasa wa zamani, kwa yule aliyeuliza kama mradi umekufa, akamjibu: "Aliyekufa ni mwandishi. Programu imehamia hapa. Uliyemwita mvivu, mwombe radhi."

*

Ijumaa saa nne Kokushubila na Sayi walikuwa ofisini kwa Rugaibula. Koti lilikuwa kitini. Kwenye kiti cha pili alikuwa amekaa Buberwa, amevaa ile kanzu, ameshika barua ya ukoo yenye sahihi tano na dole gumba moja.

"Huyo ndiye mwizi," Buberwa alisema. "Kaiba programu ya marehemu."

"Imepungua nini?" Kokushubila alimuuliza.

"Nini?"

"Kilichoibwa hupungua. Nenda Kaagya ukaangalie kama imepungua." Alitoa flashi kwenye mkoba akamwekea mapajani. "Na hii hapa nyingine, mpya, inahesabu vizuri kuliko ya kwako. Chukua. Mwuzie Ta Rugaibula kama atakubali kununua kinachotolewa bure."

Rugaibula alikohoa. Hakumtazama Buberwa. Aliichukua orodha iliyochapwa, akaipitisha macho akitafuta kosa, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Ilitoka kwenye kompyuta. Ilikuwa na tarehe. Hakuwahi kujua wala kujali ni programu gani iliyoichapa.

Hapo simu ya Sayi ikalia. Aliipokea kwa Kisukuma, akasikiliza muda mrefu, akajibu neno moja. Akaizima akaiweka mfukoni, akaitoa tena, akaitazama kana kwamba itabadilisha maneno.

"Andika thelathini na saba," alisema. "Mayenga amefariki alfajiri."

Feni ilizunguka. Kisha Rugaibula, kwa kalamu ile ile, alikata mstari wa kwanza wa orodha, akaandika 37 pembeni, akatia sahihi. Sahihi yake ilikuwa mkwaju mmoja na nukta. Kokushubila aliuona ule mkwaju ulivyokwenda upesi. Miezi miwili. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu, ya kupepesa jicho.

"Poleni sana," mratibu alisema. "Kazi ya Mungu."

"Usimsingizie," Sayi alijibu, akaenda kusimama mlangoni mwa stoo mpaka makopo yote thelathini na saba yalipohesabiwa.

*

Jumatatu, Sayi akiwa amesharudi na sanduku, Kokushubila aliketi kuifunga kumbukumbu ya Mayenga, maana Verdiana alimwomba. Mkono wake, alisema, haukubali. Programu iliuliza: ametoka kwa sababu gani? Ikatoa majibu manne ya kuchagua. Amehama. Ameacha mwenyewe. Ametoroka. Amefariki kwa ugonjwa.

Alikaa nayo mbele yake. Mama Paskazia alimletea chai, akasoma juu ya bega lake, kwa kuwa kusoma anajua.

"Hapo hamna lake," alisema.

"Najua, Mama."

"Sasa utajaza uongo?"

Kokushubila alifungua mistari ya ndani akaongeza jibu la tano: Alinyimwa dawa. Akalichagua. Kisha akalipandisha mtandaoni, kwa wote.

Wiki tatu baadaye Rugaibula alifika Kitendaguro mwenyewe, kwa gari la mradi, na majirani wote wawili walitoka kuanika nguo ambazo hazikuwa zimefuliwa. Alikuwa ameshika ripoti ya kwenda kwa mfadhili. Jasho lilikuwa limemloanisha ukosi.

"Hiki ni nini? 'Alinyimwa dawa, mmoja.' Inajitokeza yenyewe kwenye ripoti! Nani kakuruhusu kuweka hicho?"

"Karibu kwanza, ukae," Mama Paskazia alimwambia kutoka jikoni. "Humu viti havina makoti."

"Toa huo mstari, Kokushubila. Leo hii."

"Utoe mwenyewe, Ta Rugaibula. Programu ni ya kila mtu. Ichukue, ufute, uiite jina lako. Ila ukishafuta uwaambie na wengine wote wafute, maana kwangu wanaandika kila siku."

"Wengine gani?"

Aliigeuza karatasi aliyokuwa akisahihishia, ambayo nyuma yake alikuwa amechapa barua ya jana, akamsogezea. Ilitoka kwa yule nesi wa Malawi. Ilikuwa fupi. Ilishukuru kwa kutengenezewa hesabu ya siku, ikasema imefika wakati mzuri. Halafu: Tumeliona pia lile jibu jipya. Sisi hapa tunao kumi na mmoja.

Rugaibula aliisoma akiwa amesimama. Kokushubila alikwisharudi kwenye kazi yake, kwani malalamiko mengine yalikuwa yanasubiri.